Tangazo la Google Lisikule Faida
Leo nazungumza nawe mwenye nyumba ya wageni karibu na Msitu wa Kakamega, unayelipia tangazo kwenye Google. Huduma hiyo, iliyoanza mwaka 2000, hufanya mnada kila mtu anapotafuta kitu, nawe hutozwa anapobofya. Mwenye dau kubwa si lazima ashinde: hupimwa pia kama tangazo na ukurasa wako vinamjibu anayetafuta.

Pesa nyingi hupotelea kwenye maneno. Ukinunua neno "Kakamega" peke yake, atabofya anayetafuta kazi za kaunti, hata mwanafunzi anayetaka tovuti ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Hao hawalali kwako, ila utawalipia. Chagua maneno kamili, kama "malazi karibu na Msitu wa Kakamega", na uyaweke kwa Kiingereza pia. Kisha kila wiki fungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa, yasiyofaa uyazuie. Kazi hii inachosha, lakini naiamini kuliko kuongeza bajeti.

Angalia na mahali tangazo linapoonekana. Fundi wa Lurambi atangaze kwa waliopo Kakamega tu. Lakini mgeni wako wewe bado yuko Nairobi au Uingereza, anatamani kuja kuona ndege, usimfungie nje.

Kuhusu bajeti, siku moja Google inaweza kutumia hadi maradufu ya kiwango chako cha siku, kisha ikapunguza siku nyingine za mwezi. Kwa hiyo piga hesabu ya mwezi mzima, na uhesabu waliolipia chumba, si waliobofya.