Turbo Inapolegea Mlimani: Paipu Zikaguliwe Kabla ya Kununua Nyingine



Mazungumzo ya leo yanahusu gari lenye turbo ambalo nguvu zake hupanda na kushuka ilhali mguu wa dereva umetulia kwenye mafuta. Chukua mfano wa dereva wa pikapu ya dizeli aliyebeba saruji kutoka Nakuru kwenda Molo. Kwenye tambarare gari linakwenda vizuri. Anapoanza kupanda Sachangwan, linavuta, linalegea, kisha linavuta tena. Anaamua kulipita lori. Akiwa katikati ya kulipita, nguvu zinakatika na moshi mweusi unatoka nyuma. Lori liko kushoto kwake, na mbele yake gari jingine linateremka. Hapo jambo hili si la gereji tena, ni la uhai.

Akifika salama, huenda akaambiwa turbo imekufa na atafute nyingine. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi shida huwa kwenye paipu ya mpira iliyopasuka au klipu iliyolegea. Turbo mpya ikifungwa kwenye paipu ile ile mbovu, pesa zimekwenda na ugonjwa umebaki.

Turbo ni pampu ya hewa inayoendeshwa na moshi wa injini. Moshi unazungusha feni ya upande mmoja, na feni ya upande wa pili inasukuma hewa ndani ya injini. Inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa hiyo hupitia paipu hadi kwenye intakula, ile rejeta ya kupoza hewa, kisha huingia kwenye injini. Ili presha isizidi wala kupungua, kuna kidhibiti. Magari mengi ya petroli yana wesigeti, yaani kilango kinachopitisha moshi kando ya turbo. Magari mengi ya dizeli ya kisasa yana mabapa madogo yanayofunguka na kufunga ndani ya turbo. Kompyuta ya gari hutoa amri, na sensa huirudishia habari ya presha iliyopatikana.

Kwa hiyo presha inayoyumba ina vyanzo vinne vikuu: hewa inavuja au imezibwa, kidhibiti hakitii amri, sensa inadanganya, au turbo yenyewe imechoka. Fundi mwangalifu hufuata mpangilio huo, kwa sababu unaanza na kilicho rahisi na kumalizia na kilicho ghali.

Jambo la kwanza ni hewa. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, fundi akague kichujio cha hewa. Gari linalopita barabara za vumbi hulijaza kichujio mapema kuliko muda ulioandikwa kwenye kitabu. Kisha apitishe mkono chini ya kila paipu kutoka turbo hadi injini, maana nyufa nyingi hujificha upande usioonekana. Unyevu kidogo wa oili ndani ya paipu ni wa kawaida, lakini doa bichi la oili na vumbi kwenye kiungo huonyesha mahali hewa inapotokea. Asiporidhika, azibe mdomo wa turbo, aingize hewa ya kompresa kupitia kifaa cha kupunguza presha, na kupaka maji ya sabuni kwenye viungo. Mapovu yatamwonyesha. Presha hiyo isizidi ile ambayo turbo ya gari hilo huitoa kwa kawaida, la sivyo atapasua kilichokuwa kizima.

Jambo la pili ni kidhibiti. Vipaipu vyembamba vya vakyumu hukauka kwa joto la injini na kupata nyufa. Kimoja kikivuja, mabapa au wesigeti haitulii, na presha hupanda na kushuka. Kwenye magari yanayotumia vakyumu, fundi anaweza kutumia pampu ndogo ya mkono kuvuta hewa kwenye kidhibiti. Kile chuma chembamba kisogee polepole bila kukwama na kibaki pale pale. Kikirudi chenyewe, mpira wa ndani umetoboka. Kikikwama, huenda masizi yamejaa kwenye mabapa.

Jambo la tatu ni sensa, na hapa wakazi wa nyanda za juu wanahitaji kuwa makini. Ufunguo ukiwashwa bila injini kunguruma, sensa ya presha husoma hewa ya mahali gari lilipo. Mombasa itasoma takriban kilopaskali 101. Nakuru, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,850, itasoma takriban 81. Fundi asiyejua hilo anaweza kuitupa sensa nzima akidhani imeharibika. Ikisoma tofauti kabisa na hewa ya mahali hapo, isafishwe na nyaya zake zikaguliwe kwanza.

Mwinuko huo pia unaeleza kwa nini shida hujitokeza mlimani. Hewa ni nyepesi, hivyo turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia presha ile ile. Paipu ikiwa inavuja, inalazimika kuongeza kasi tena. Uvujaji mdogo ukipuuzwa unaweza hatimaye kuiua turbo iliyokuwa nzima.

Mashine ya kusoma kompyuta husaidia sana ikitumiwa vizuri. Isiishie kwenye kusoma namba ya kosa. P0299 ina maana presha ni ndogo kuliko inavyotakiwa, na P0234 ina maana imezidi. Hakuna kati ya hizo inayosema turbo imekufa. Fundi alinganishe presha iliyoombwa na iliyopatikana, gari likiwa na mzigo. Iliyopatikana ikibaki chini muda wote, atafute uvujaji au kizuizi. Ikipita juu, ikashuka chini, ikapita tena, achunguze kidhibiti. Zote mbili zikiyumba pamoja, kompyuta yenyewe inabadilisha amri, na chanzo kinaweza kuwa mafuta au pedali. Kipimo hicho kifanywe na watu wawili, mmoja akiendesha na mwingine akisoma.

Turbo huchunguzwa mwisho. Mhimili wake ukicheza kidogo upande kwa upande, hilo ni la kawaida. Feni ikigusa ukuta, mhimili ukisogea mbele na nyuma, au oili ikimwagika kwa wingi, hapo imefika mwisho. Gari la namna hiyo lisiendeshwe, kwani injini ya dizeli inaweza kuanza kuchoma oili yake yenyewe na kukataa kuzimika kwa ufunguo. Kabla ya kufunga nyingine, paipu inayoipelekea oili isafishwe au ibadilishwe. Ikiwa imeziba, turbo mpya haitadumu.

Kufunga wesigeti kwa waya ili gari livute si matengenezo. Presha itazidi na injini inaweza kupasuka.

Mwenye gari ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kulipa: "Fundi, umepima uvujaji wa hewa?" Na dereva ambaye gari lake limeanza kuyumba asijaribu kulipita gari lolote mlimani mpaka litengenezwe. Abaki nyuma ya lori, afike akiwa amechelewa.