Kitako Kipya cha Bunduki ya Shamba: Maneno ya Kamati ya Ulinzi Mbele ya Wanachama



Haya ndiyo tuliyoyasema mkutanoni juu ya ile bunduki yetu ndogo. Tumeombwa tuyabandike hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa zamu, au msibani, siku ile.

Kwanza tuanze na aibu yetu wenyewe. Mnajua kitako cha bunduki kilipasuka shingoni, pale mkono unaposhika nyuma ya kifyatulio. Kilipasuka siku mlinzi alipoteleza kwenye ngazi ya dungu. Akakifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli na waya, akaendelea na kazi. Sisi wa kamati tuliuona ule mpira. Tulipita, tukamsalimia, tukasema moyoni kwamba hata majembe yetu tunayafunga hivyo hivyo. Basi asubuhi moja tumbili wakaingia mahindini, mlinzi akalenga, akafyatua, na kitako kikajizungusha ndani ya mpira. Risasi ikavuka korongo ikatoboa karai la mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharage upande wa pili. Karai lilikuwa chini, hatua tatu kutoka alipoinama. Tumelitundika ghalani. Asiyeliona aende akalione.

Wako waliosema, aa, ni bunduki ya 22 tu, ya kutishia nyani. Jamani, tusidanganyane. Hiyo 22 maana yake ni upana wa tundu la mtutu, sehemu 22 katika mia za inchi moja, karibu milimita 5.6. Tundu ni dogo, kweli, lakini risasi yake yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu kama haikupata kizuizi. Toka dungu la mtoni mpaka shuleni hakufiki kilomita moja. Kwa hiyo hata kitako kikiwa kizuri namna gani, mlinzi asiyejua kuna nini nyuma ya tumbili asifyatue.

Tangu siku ile bunduki iko kituo cha polisi pamoja na kitabu chake cha leseni, na itakaa huko mpaka jambo hili liishe. Tulichobaki nacho ni kitako kibovu, vipande viwili.

Sasa tuje kwenye shauri lenyewe.

Shauri la kwanza lilikuwa kugundisha. Gundi ya seremala inashika vizuri, na kitako kilichopasuka kwa urefu wa nyuzi za mti hugundishwa kikadumu. Lakini chetu kimekatika kwa kukingama, na mafuta ya bunduki ya miaka mingi yamezama ndani ya mti pale pale penye ufa. Gundi haishiki penye mafuta. Seremala wetu alikitazama dakika moja tu akakirudisha mezani.

Shauri la pili lililetwa na vijana: tuagize kitako cha plastiki cha kiwandani. Hatukulidharau. Plastiki hainyonyi maji, haipindi masika, mchwa hawaili. Tukaulizia. Taabu ni kwamba bunduki za 22 zinafanana kwa mbali tu, kama baiskeli. Ukisogea karibu, skrubu ya hii imekaa mbele kidogo, kisanduku cha risasi cha ile ni kirefu zaidi, mtutu wa hii mnene. Kitako huundwa kwa aina moja ya bunduki, na kwa aina yetu, ambayo ni ya zamani, hatukukipata. Kile kilichokaribia kingetoka nje ya nchi, kwa kibali, nauli na ushuru, halafu bado kingehitaji kuchongwachongwa ili kiingie. Fedha hiyo ni bora ikatengeneze paa la ghala.

Likabaki shauri la mti. Hapo ndipo mkutano ulipochangamka, maana katika kijiji hiki kila mtu ni bwana miti.

Mzee mmoja alisimama akaupigania mpingo. Alisema mpingo hauvunjiki na unapendeza. Ni kweli unapendeza, na ndio mti wa vinyago vya Wamakonde, tena huko Ulaya hutengenezea zumari zao. Lakini ni mti mzito kuliko maji, ukiutupa mtoni unazama. Mita moja ya ujazo hupita kilo 1,200. Mlinzi abebe kitako cha mpingo usiku kucha, alfajiri mkono utatetemeka, na mkono unaotetemeka tumeshaona karai lake. Isitoshe, bunduki ndogo haina kishindo kikubwa cha kurudi nyuma. Haihitaji mti wa kushindana na kishindo. Inahitaji mti usiopinda.

Mkongo nao ni mzuri, ila ni mzito na mgumu kwa patasi zetu. Mvule unapatikana kwa wenzetu, lakini una vijiwe ndani yake vinavyoua makali ya randa, na vumbi lake linachoma pua. Huko Ulaya na Marekani vitako vizuri vimechongwa tangu zamani kwa mti wa jozi. Wanausifu kwa sababu ni mwepesi wa kadiri, haupasuki ovyo, na ukishakauka hautikisiki. Sisi tukajiuliza ni mti gani wa kwetu wenye tabia hizo. Wote mkajibu kwa sauti moja, na mlijibu sawa: mninga.

Mninga una nusu ya uzito wa mpingo, zaidi kidogo tu. Unachongeka vizuri, unashika skrubu, mchwa hawaupendi, na sifa yake kubwa ni kwamba ukikauka husinyaa kidogo sana. Ndiyo maana milango ya mninga haikwami masika. Kitako kinachovimba kwa mvua husukuma mtutu upande mmoja, risasi ikaenda upande wa pili, nawe unamlaumu mlinzi.

Lakini mninga mbichi haufai. Kwa kawaida ubao hukaa kivulini kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kitako chataka ubao wa inchi mbili, basi hesabuni wenyewe. Na kuingia msituni kukata mninga bila kibali cha watu wa misitu, kamati hii haitaki kusikia.

Ndipo mama mweka hazina alipotukumbusha ile kaunta ya duka la ushirika la zamani. Iko pale pale nyuma ya mizani, imejaa magunia matupu. Ni mninga, unene inchi mbili na robo, na imekauka tangu wengi wetu hatujazaliwa. Tumeipima, tumeigonga, tumetafuta misumari. Upande wa dirishani kuna kipande cha sentimita 90 kisicho na msumari wala fundo. Wapo watakaoona uchungu kaunta ikikatwa, maana wengine tuliinunulia sukari na mafuta ya taa wakati wa foleni. Hata sisi tumeona uchungu. Lakini sehemu itakayobaki itatosha meza ya karani.

Juu ya uchongaji, tunasisitiza jambo moja kwa seremala, naye amekubali: nyuzi za mti zipite kwa urefu pale shingoni. Ukichora kitako juu ya ubao bila kuangalia nyuzi, shingo hukatwa kwa kukingama na kitavunjika tena siku ya kwanza kikianguka. Hiki cha zamani, tazameni wenyewe, nyuzi zake zilipita mshazari. Ufa ulikuwa unangoja tu mtu ateleze.

Kazi tumeigawa mara mbili, na sababu ni ya sheria. Seremala wetu atachonga umbo la nje kwa kufuata kitako kibovu. Yeye hana haja ya kushika chuma, na hana leseni ya kazi hiyo. Kuchimba kitanda cha chuma, kupachika skrubu na kujaribu, atafanya fundi bunduki mwenye leseni mjini, na bunduki itapelekwa kwake kwa taarifa ya polisi. Tutamwambia aache nafasi kidogo kati ya mtutu na mti, karatasi ipite toka mbele mpaka karibu na mashine bila kukwama.

Rangi ya vanishi hatutaki. Inang'aa kwa mbalamwezi, na ikichubuka maji huingia chini yake. Tutapaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, nyembamba, mara nyingi, kila mara yakauke kwanza. Angalizo: matambara ya mafuta hayo yasikunjwe yakatupwa ghalani. Yakirundikwa huweza kushika moto yenyewe, bila kiberiti. Yaanikwe wazi nje au yatiwe majini.

Sasa habari ya vipimo, ambayo ndiyo iliyoleta ubishi kwa walinzi. Vitako vingi vya kiwandani vina kama sentimita 34 au 35 toka kifyatulio mpaka mwisho wa nyuma, kwa mtu mzima wa kimo cha kati. Walinzi wetu ni watatu: mmoja mrefu kama mnazi, mmoja wa kadiri, na yule dada wa zamu ya alfajiri ambaye ni mfupi, naye ndiye mwenye shabaha kuliko wote, mtake msitake. Mrefu anaweza kutumia kitako kifupi, atajikunja kidogo. Mfupi hawezi kutumia kirefu. Kitamkwama kwapani na jicho halitafika penye shabaha. Kwa hiyo tumeamua kichongwe kwa kipimo cha dada, na wale wawili watachongewa vibao vya kuongezea nyuma kwa skrubu.

Tena yule wa kadiri ni mtu wa mkono wa kushoto. Kwa hiyo mahali pa shavu pasichongwe upande mmoja, pawe sawa kote kote. Na kwa kuwa bunduki yetu haina darubini, pasiinuliwe sana. Kipimo chake ni hiki: mlinzi afumbe macho, aweke kitako begani, afumbue. Akiona shabaha ya nyuma na ya mbele zimepangana bila kuinua wala kubana kichwa, kitako kimemkaa. Tutafanya hivyo kwa kitako cha mfano cha mbao za sanduku, bila chuma chochote.

Yule mama wa karai amelipwa karai jipya kutoka mfuko wa dharura. Amesema atarudi kupalilia upande ule baada ya kuona kitako kwa macho yake. Tumempa haki hiyo, na hatutaikabidhi bunduki kwa mlinzi yeyote kabla yeye hajakiona.

Walinzi wote watatu waje ghalani Jumamosi saa mbili asubuhi kupimwa. Waje na makoti wanayovaa usiku, kwa sababu unene wa koti nao unahesabiwa.