Kipimo Kikikataliwa: Rufani Huanza Siku ya Kwanza

Hotuba iliyosomwa na mfanyi kazi wa reli mbele ya wanachama wa tawi



Tumepewa nafasi leo tuseme juu ya jambo ambalo si mshahara wala si saa za kazi, lakini lina undugu na yote mawili. Sisi mafundi tunaunda vyombo. Katika karakana zetu ni shida kumpata fundi asiye na kipimo alichojitengenezea mwenyewe. Huyu amekata bati la kupimia unene wa ukingo wa gurudumu, yule amefunga waya wa kumjulisha joto la bheringi kabla haijaungua. Vyombo hivi huokoa mali, na pengine huokoa maisha ya watu. Sasa baadhi ya wenzetu wanauliza: Je, chombo kama hiki kinaweza kupata hataza? Na afisi ikijibu hapana, mambo yamekwisha?

Hataza ni hati ya serikali. Humpa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze kitu chake kwa muda fulani bila idhini yake. Hapa Kenya muda huo ni miaka 20. Kwa upande wake, mvumbuzi lazima aandike wazi jinsi chombo kinavyofanya kazi, ili muda ukiisha watu wote wafaidike.

Jibu letu ni hili: mambo hayajaisha. Iko njia ya rufani. Lakini rufani haipatikani kwa kelele wala kwa hasira. Tena twasema, rufani huanza siku ile ile mtu anapoandika ombi lake la kwanza. Ili jambo hili lieleweke, tutataja kesi mbili za Marekani. Tumezichagua kwa sababu zote mbili zilifika katika mahakama ya juu kabisa ya nchi ile, na zote zilihusu mambo ya kupima kiwandani.

Kesi ya kwanza ni ya mtu aitwaye Flook, nayo iliamuliwa mwaka 1978. Katika viwanda vya kugeuza mafuta, joto, kani na mwendo wa vitu hupimwa saa zote, na kipimo kikivuka mpaka uliowekwa, kengele ya hatari hulia. Flook alikuwa amepata hesabu ya kuusogeza mpaka huo kila mara kwa kufuata hali ya kazi. Mahakama ilimkatalia, majaji 6 kwa 3. Kwa nini? Kwa sababu kitu kipya katika ombi lake kilikuwa hesabu tu. Karatasi yake haikueleza jinsi ya kuchagua tarakimu za kuingiza katika hesabu, wala jinsi kazi yenyewe ya kugeuza mafuta inavyokwenda, wala jinsi kengele inavyotegwa. Nayo hesabu, ndugu zetu, haipewi hataza.

Kesi ya pili ni ya Diehr na Lutton, watu wa kazi ya mpira. Mpira mbichi hutiwa katika kalibu, kalibu hufungwa ndani ya mashine ya kukandamiza, na mpira hupikwa mpaka ukomae na kushika umbo. Hesabu ya kujua upikwe dakika ngapi ilikuwa ikijulikana tangu zamani, nayo huitwa kwa jina la Arrhenius, mwanakemia wa Sweden. Taabu ilikuwa kwamba joto ndani ya kalibu halikai mahali pamoja. Kila mashine inapofunguliwa ili kutoa mpira uliopikwa na kutia mwingine, joto hubadilika. Basi watu walikuwa wakikisia muda, na mara mpira huu uliiva kupita kiasi, mara ule ulitoka mbichi. Wale wawili waliweka kipimo cha joto ndani ya kalibu. Kipimo kilipeleka habari kwa kompyuta bila kukoma, kompyuta ilirudia hesabu tena na tena, na dakika zilipotimia mashine ilifunguka yenyewe.

Waliomba hataza tarehe 6 Agosti 1975. Mkaguzi alikataa. Alisema kazi ya kompyuta ni hesabu, na hesabu haipewi hataza. Tena kutia mpira na kufunga mashine ni mambo ya siku zote. Wakakata rufani kwa baraza la rufani la afisi ya hataza. Baraza likamuunga mkono mkaguzi. Sasa zilikuwa hapana mbili. Wengi wetu tungekunja karatasi na kurudi nyumbani. Wao walikwenda mahakamani, na mahakama ya rufani ikawapa haki. Hapo afisi yenyewe ndiyo iliyopeleka shauri mahakama ya juu kabisa. Tarehe 3 Machi 1981 majaji 5 kwa 4 walikubaliana na wavumbuzi. Hataza ilitolewa tarehe 10 Agosti 1982, miaka 7 na siku 4 tangu kuomba. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Ni nini kilichowapa ushindi? Hawakuomba kuimiliki hesabu ya Arrhenius. Waliomba njia ya kupika mpira, na hesabu ilikuwa sehemu moja tu ya njia hiyo. Mahakama ilisema ombi lisikatwe vipande vipande, hiki cha zamani na hiki hesabu, litazamwe zima. Lakini angalieni vizuri. Maneno haya yaliwafaa kwa sababu kipimo cha joto, kalibu, kompyuta na kufunguka kwa mashine vilikuwa vimeandikwa tayari katika ombi. Flook hakuwa navyo katika karatasi yake, na mahakama ya rufani si mahali pa kuongeza mambo mapya. Unaweza kueleza upya yale uliyoandika, huwezi kuleta chombo kingine.

Wala tusidanganyane. Kura moja ingehama, Diehr na Lutton wangeshindwa. Na tangu mwaka 2014, kwa hukumu nyingine ya mahakama ile ile, mlango huo huko Marekani umekuwa mwembamba zaidi.

Hapa kwetu iko Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001. Nayo pia husema kwamba uvumbuzi wa kisayansi wa nadharia tu na njia za hesabu havipewi hataza. Kitu lazima kiwe kipya, kiwe na hatua ya uvumbuzi ambayo fundi mwingine asingeifikia kwa urahisi, na kiweze kutumika katika kazi. Ombi hupelekwa Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, yaani KIPI. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufani kwa Baraza la Mali ya Viwanda lililowekwa na sheria hiyo, na kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu. Iko pia hati ndogo ya miaka 10 kwa vyombo vilivyo vipya na vyenye manufaa lakini ambavyo havina hatua kubwa ya uvumbuzi. Kipimo cha karakana mara nyingi kingefaa hapo.

Basi fundi mwenye kipimo afanye hivi. Asikionyeshe hadharani kabla ya kuomba. Aandike kila sehemu, achore, na aweke vipimo: gurudumu lile lile, kipimo cha zamani kilisoma kiasi gani, cha kwake kilisoma kiasi gani. Aeleze kinachotokea baada ya kupima: nani anapata habari, na gurudumu linaondolewa lini. Barua ya kukataa ikija, aisome sababu moja moja. Akiambiwa kitu si kipya, atafute ile karatasi ya zamani iliyotajwa, aonyeshe tofauti. Akiambiwa ni hesabu tu, aonyeshe chuma na kazi yake. Akiambiwa fundi yeyote angeweza, aeleze kwa nini mafundi wamekaa na taabu hiyo miaka yote bila kuiondoa. Na tarehe ya mwisho ya rufani aiandike ukutani, maana haki iliyochelewa siku moja huweza kupotea.

Liko jambo la mwisho, nalo ndilo la Chama. Sheria yetu husema kwamba, mkataba usiposema vingine, uvumbuzi uliofanywa katika kutimiza mkataba wa kazi ni mali ya mwajiri. Sheria hiyo inataja pia malipo ya haki kwa mfanyi kazi katika hali zilizoelezwa mle. Angalieni basi yale maneno, mkataba usiposema vingine. Mtu anaweza kushinda rufani ya miaka 7, kisha akakuta ushindi si wake. Maneno hayo hayawezi kubadilishwa na fundi mmoja mwenye bati mkononi. Yatabadilishwa katika makubaliano ya pamoja kati ya Chama na mwajiri.

Kwa hiyo tunaliomba tawi mambo matatu. Kwanza, kamati ya watu watatu ya kuwasaidia wanachama kuandika maombi yao, mmoja wao awe mwenye kujua kuchora. Pili, daftari la tawi la kuandika nani ameunda nini na tarehe gani, mbele ya mashahidi wawili. Daftari likae chini ya kufuli la Katibu, ili siri ya mtu isitoke. Tatu, wajumbe wetu watakapokaa tena na mwajiri, suala la uvumbuzi wa wafanyi kazi liwe katika orodha ya mazungumzo.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tunaomba Mwenyekiti ayapeleke mambo haya kwenye kura kabla mkutano haujafungwa.