Kompyuta ya Chama Ikigoma, Ushahidi Usifutwe



Katika mashamba ya mpunga ya Madibira, yanyweshwayo na maji ya mto Ndembera, ukingo wa mfereji ukibomoka mkulima hutazama kwanza maji yamepenya wapi. Akifukia bila kutazama, patabomoka tena pale pale. Kompyuta ya chama, iliyobeba hesabu za mpunga uliopokelewa na hisa za wanachama, yastahili subira hiyo hiyo.

Mfumo endeshi wa Windows ukigoma ghafla, kioo hugeuka buluu, au cheusi katika matoleo mapya tangu 2025, na jina la kosa huonekana. Lipigwe picha kwa simu. Wakati huo mashine hunakili yaliyomo katika kumbukumbu yake, na ikiwaka tena huyahifadhi katika faili liitwalo MEMORY.DMP, ndani ya folda ya Windows. Hapa pana hatari: kwa kawaida mfumo ukigoma mara ya pili, faili jipya huandikwa juu ya lile la kwanza. Basi linakiliwe siku ile ile katika diski ya nje. Tena diski ya C ikijaa, huenda lisiandikwe kabisa.

Umeme ukikatika tu, faili hilo halipatikani. Ndipo lifunguliwe daftari la matukio, Event Viewer. Tukio namba 41 la Kernel-Power laonyesha kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vyema. Namba ya kosa ikiwa sifuri, mara nyingi wa kushukiwa ni umeme. Tofauti hii ni ya fedha: chama chaweza kununua kompyuta mpya, kumbe kilichohitajika ni UPS.

Mafundi wengi hupenda "kupiga Windows" upya papo hapo. Kazi hiyo yaweza kufuta ushahidi wote, na hesabu za msimu pamoja nao. Katibu ana haki ya kumzuia fundi mpaka nakala zichukuliwe. Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani ziligoma kwa kasoro ya faili la kampuni ya CrowdStrike. Mafaili ya namna hii yaliwasaidia wataalamu kuitambua programu iliyohusika.

Lakini faili hilo laweza kuwa na majina ya wanachama, hata nywila. Lisirushwe kwa WhatsApp. Akabidhiwe fundi aliyekubaliwa na Bodi, naye atie sahihi.