Motokaa ya Kukodi Katika Nchi ya Ugeni

Leo twapenda kuwasimulia habari za siku moja tu, nayo ni siku yetu ya kwanza ya kutembea katika nchi ya Omani kwa motokaa ya kukodi, mwezi wa Desemba, mwaka 2023. Tulikuwa watu watano: sisi wazazi wawili, mama yetu mzee, na watoto wetu wawili.

Labda mmoja wenu atauliza, "Habari hizi zitanifaa nini mimi nisiye na motokaa?" Zitakufaa, kwa kuwa kila avukaye mpaka, hata akienda kwa miguu, huingia katika desturi ya njia za watu wengine. Katika Tanzania, Kenya na Uganda vyombo hupita upande wa kushoto. Lakini ukivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, vyote hupita kulia. Burundi na Kongo ni vivyo hivyo, na Omani pia.

Kwanza yafaa mjue maana ya kukodi. Mwenye motokaa hukupa mali yake bila kukujua, nawe hushika amana. Kwa hiyo alitutaka tuonyeshe pasipoti na leseni, akazuia fedha kidogo za dhamana katika benki, kisha akatupa mkataba. Tuliusoma wote kabla ya kutia sahihi. Halafu tuliizunguka motokaa pamoja naye, tukaandika kila mkwaruzo uliokuwapo, tukatazama mipira, breki, taa, na gurudumu la akiba. Kazi hiyo yote haikuchukua hata nusu saa, nayo huzuia ugomvi siku ya kurudisha.

Basi tukaondoka Maskati. Usukani ulikuwa upande wa kushoto, kinyume cha kwetu. Katika barabara iliyonyoka jambo hili si gumu, kwa kuwa dereva hufuata wenziwe walio mbele. Hatari imo mahali pa kugeuka, mahali pa kutoka kituo cha petroli, na katika mzunguko wa njia. Kwani hapo mkono hufuata mazoea ya nyumbani kabla akili haijasema neno. Kwa sababu hiyo tuligawana kazi. Mmoja wetu alishika usukani, wa pili alisoma vibao, na watoto, kila tulipokaribia kugeuka, walisema kwa sauti moja, "Kulia!" Aendaye kwa miguu naye ana somo lake: kwetu hutazama kwanza kulia kabla ya kuvuka njia, lakini huko hana budi kutazama kwanza kushoto.

Njia ya kwenda Nizwa ni kama kilomita 160, nayo hupita katikati ya milima mikavu, yenye mawe yasiyo na mti. Ni barabara pana na laini. Hata hivyo, mwaka 1970 nchi nzima ya Omani ilikuwa na kiasi cha kilomita 10 tu za barabara ya lami, na safari ya bara ilikuwa ya ngamia na punda. Mama yetu aliposikia hayo alisema, "Basi haraka ya nini, na sisi tumekalia mito?"

Kabla ya kufika Nizwa tulipita mji wa Birkat al-Mouz, na hapo ndipo ilipotupata shida ya siku ile. Kutoka mji huo njia hupanda Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani, wenye mashamba ya makomamanga na mawaridi. Mama yetu alikuwa ametamani kuuona mlima huo tangu tulipokuwa nyumbani, na kwa umri wake hakutumaini kurudi Omani tena. Lakini chini ya mlima pana askari wa polisi, nao hawaruhusu kupita ila motokaa yenye nguvu katika magurudumu yote manne. Kwa maana mteremko wake ni mkali, na breki zikishika moto hazisimamishi kitu. Yetu ilikuwa ndogo. Watoto walilia, na mama akanyamaza, na kimya chake kilituuma kuliko kilio cha watoto. Hata hivyo hatukusogea penye askari, wala hatukutafuta maneno ya kumlainisha. Tuligeuza.

Badala yake tulishuka penye mitende, tukautazama mfereji uitwao Falaj al-Khatmeen. Huu ni mmoja wa mifereji mitano ya Omani iliyotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Maji hutoka chini ya ardhi, huteremka yenyewe bila mashine, na wenye mashamba huyagawana kwa zamu, ambazo zamani zilipimwa kwa jua mchana na kwa nyota usiku. Mzee mmoja aliyekuwapo alisikia tukisema na watoto, akatuamkia kwa Kiswahili safi. Alizaliwa Unguja. Akatukaribisha kahawa na tende. Na tulipotosheka alitufundisha kutikisa kikombe, ndiyo alama ya kusema basi. Mama yetu na yeye walizungumza habari za karafuu na bahari hata jua likaanza kuinama.

Hapo tuliaga, ingawa mazungumzo yalikuwa matamu, kwa sababu hatukutaka giza litukute katika njia tusiyoizoea. Tuliingia Nizwa kungali mchana, tukaona mnara mkubwa wa mviringo wa ngome, uliojengwa katika karne ya 17. Kesho yake tulimpata dereva mwenyeji mwenye motokaa ya kufaa mlima, na mama yetu akafika alikotaka.

Wasikilizaji wetu, motokaa ya kukodi humpa mgeni uhuru wa kwenda apendapo, wala haimpi macho ya mwenyeji. Kwa hiyo siku ya kwanza na iwe ya kujifunza njia: safari iwe fupi, jua liwe juu, na amri ya mwenye nchi iheshimiwe hata inapotunyima tulichotamani. Mlima haukimbii, lakini roho ikipotea hairudi.