Ndoa Iliyokosa Msuluhishi: Mada Juu ya Riwaya ya Petit Pays



Nimetakiwa niseme juu ya riwaya inayoeleza hali ya ndoa baada ya jinai kubwa kupita, nami sikuona kitabu kinachotustahiki watu wa Rumonge, pwani hii ya Ziwa Tanganyika, kuliko Petit Pays cha Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982 kwa baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, akaihama nchi mwaka 1995, na ambaye riwaya yake hiyo ya kwanza ilitoka Ufaransa mwaka 2016, ikapata mwaka huo huo tuzo ya Goncourt inayotolewa na wanafunzi wa sekondari.

Wasomaji wengi hukifunga kitabu wakisema kwamba vita ndivyo vilivyoivunja nyumba ya Michel na Yvonne, wazazi wa msimulizi. Kauli hiyo, pamoja na heshima zote kwa wasemaji, haisimami. Kwani mwandishi amewatenganisha mume na mke mapema, kabla Rais Ndadaye wa Burundi hajauawa tarehe 21 Oktoba 1993, na kabla ya mauaji ya kimbari yaliyoanza Rwanda mwezi Aprili 1994. Ugomvi wao ulikuwa wa kawaida: yeye mume, mkandarasi mgeni aliyestarehe Burundi, hakutaka kuondoka; na mke, Mnyarwanda aliyekulia katika ukimbizi, alitamani Ulaya kwa kutafuta amani.

Basi jinai iliharibu nini? Dai langu ni kwamba iliikuta ndoa imekwisha kuugua, ikamwua tabibu, yaani msuluhishi.

Hapa kwetu mke akirudi kwao, hazipiti siku nyingi kabla ya wazee kuanza kwenda na kurudi baina ya nyumba mbili, na maneno ya hasira yanayotoka kwa huyu hupunguzwa ukali njiani kabla hayajamfikia yule. Waislamu tunayo hukumu ya Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, ya kuteua hakamu mmoja kwa jamaa za mume na mmoja kwa jamaa za mke. Na Warundi kwa jumla wanao bashingantahe, wazee wa kusuluhisha migogoro. Njia zote hizo zina sharti moja, nalo ni kwamba msuluhishi awe na moyo uliotulia. Lakini Yvonne amempoteza nduguye Pacifique na watoto wa jamaa yake Eusébie. Wazee wake waliosalia Bujumbura ni wafiwa kama yeye. Na jamaa za Michel wako Ufaransa. Nani atakaa katikati?

Akitoka Rwanda, Yvonne anarejea katika nyumba aliyokwisha kuihama, na hapo ndipo riwaya inapokuwa nzito. Usiku huenda kwa bintiye mdogo, Ana, akamsimulia jinsi alivyozikuta maiti za watoto wale sebuleni Kigali, akazizika, akasugua sakafu, na madoa yasitoke. Habari ambayo, ndoa ingalikuwa nzima, ingalibebwa na mume, inamwangukia mtoto ambaye bado anahitaji kubembelezwa ili alale, huku kaka yake Gabriel, msimulizi wa riwaya, akisikia asiweze kumwokoa.

Nasi wa Rumonge tusijidhanie kuwa watazamaji wa mbali. Mashambulio ya tarehe 29 Aprili 1972 yalianzia kusini humu, Rumonge na Nyanza-Lac, yakafuatwa na kisasi cha serikali kilichoangamiza watu wengi mno. Waliookoka wakavuka hata Kigoma, kisha wakapelekwa makambini kama Ulyankulu na Katumba, na wengine hawakurudi ila baada ya miaka zaidi ya thelathini. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 iliweza kusimama katika shamba la michikichi, ikamsikiliza aliyerudi na aliyelikalia. Ama mke aliyedhani ni mjane akaolewa tena, na mume aliyedhaniwa marehemu akatokea mlangoni, hao walihitaji baraza la namna nyingine, ilhali wazee ambao wangalilikalia wengi wao walikwisha kuuawa au kutawanyika.

Upungufu ninaouona katika kazi ya Faye ni huu: kwa kuwa msimulizi ni mtoto, Michel amebaki takriban bubu, na hatujui kama alinyamaza kwa ugumu wa moyo au kwa kukosa mtu wa kumwelekeza. Kwa hiyo napendekeza kwa waandishi waliomo ukumbini humu, wale watakaoandika kwa Kiswahili cha soko letu riwaya ya ndoa za mwaka 1972, kwamba wampe mume ulimi wake, na mke naye wampe ulimi wake, kisha wamlete mtu wa tatu akae baina yao, hata kama suluhu yenyewe itamshinda. Maana msomaji mwenye msiba nyumbani ana haki ya kuona jinsi kazi hiyo inavyojaribiwa.