Redio Iliyowaita Watu Mende

Msikilizaji, chombo hiki unachokisikiliza kiliwahi kutumika kuua. Mwaka 1993 kituo cha RTLM kilianza kurusha matangazo Rwanda. Kilipiga muziki mzuri, watangazaji wake walitaniana hewani, vijana wakakipenda. Katikati ya vicheko hivyo Watutsi, moja ya makabila ya nchi hiyo, waliitwa "inyenzi", yaani mende. Na mende, nani humwonea huruma?

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, kituo hicho kilitaja majina ya watu na mahali walipojificha. Kwenye vizuizi vya barabarani, kitambulisho kilichoandikwa kabila la Tutsi kilitosha kumhukumu mtu kifo. Kwa takriban siku 100 waliuawa watu zaidi ya 800,000, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa unyama huo. Umoja wa Mataifa, wenye mkataba wa 1948 wa kuzuia mauaji ya kimbari, ulipunguza askari wake nchini humo huku damu ikimwagika. Ilikuwa aibu kubwa.

Haki ilitafutwa baadaye, jirani tu, Arusha. Septemba 1998 mahakama ya kimataifa ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na kutamka kwamba hata ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mwaka 2003 ikawahukumu watu watatu wa vyombo vya habari, wawili kati yao waasisi wa RTLM.

Ukipokea ujumbe unaowaita binadamu wadudu, usiusambaze. Mkemee aliyeutuma, toa taarifa mapema, na jirani anayewindwa akibisha hodi, mfungulie.